Wabeba Maiti wa Mzinga wa Tatu

Methali inatuagiza tufuate nyuki tule asali. Haisemi lolote kuhusu siku ambayo nyuki watatufuata sisi, wala wao wanatarajia kupata nini mwishoni mwa safari.

Methali hiyo ilinijia Jumamosi moja asubuhi, nikiwa na simu sikioni, nikimsikiliza shemeji yangu.

"Shemeji, nyuki wanamvuta kaka yako mguu."

"Wanamdunga?"

"Wangekuwa wanamdunga ningesema wanamdunga. Wanamvuta. Kama watu wanaoburuta gunia."

Shemeji ni fundi cherehani, mwanamke asiyepoteza uzi wala neno. Mimi hufundisha afya ya nyuki katika chuo cha kilimo, na kwa miaka kumi na tisa nimeitwa na watu walioamini kwamba nyuki wao wamerogwa, wamesusa, wamemtambua mwizi au wamemlilia marehemu. Kila mara nimekuta utitiri, sega lililooza, au mzinga uliowekwa mahali penye jua kali na mtu asiyependa kutembea hadi kivulini. Mchawi sijamkuta bado. Nikachukua daftari langu, saa na kioo cha kukuzia, nikaenda.

Kaka yangu ni seremala. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, na nyuma ya karakana, kwenye ukuta usio na dirisha, ameweka mizinga mitatu ya mbao aliyoiunda mwenyewe, kila mmoja juu ya vigingi vinavyofika kwenye ugoko. Kila adhuhuri huizima mashine ya kukatia mbao, hubeba stuli yake hadi kando ya mzinga wa tatu, hunyoosha miguu na kukaa pale nusu saa. Watu husema nyuki wake wamemzoea. Nyuki hamzoei mtu; huzoea mwendo wa taratibu na pumzi isiyo ya hofu, na kaka yangu anavyo vyote viwili kwa kiasi kinachokera.

Nilimkuta ameshakaa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umenyooshwa, ncha ya kiatu ikiwa shubiri moja kutoka kwenye mlango wa mzinga.

"Profesa wa Wadudu," alinisalimu. "Umeletwa kunizika?"

"Nimeletwa kutazama."

"Tazama basi. Kutazama hakuna ushuru."

Nilichutama. Haikuchukua muda. Nyuki mmoja alitoka mlangoni akitembea, hakuruka. Alishuka kwenye kigingi, akavuka shubiri ile ya maranda, akapanda juu ya kiatu. Alikigusagusa kwa vipapasio vyake kama fundi anayekagua ubao. Kisha akauma uzi wa kamba ya kiatu, akageuka, akaanza kurudi nyumanyuma huku mabawa yakivuma kwa sauti ya chini. Kamba ilikaza. Akaja wa pili, akashika pindo la soksi. Mwiba wa kila mmoja ulikuwa umefichwa, tumbo limetulia. Hawakuwa na hasira hata chembe. Walikuwa kazini.

"Hawa wananipeleka wapi?" kaka aliuliza.

Nilijua walikokuwa wakimpeleka, kwa sababu ndilo somo langu la wiki ya sita kila muhula. Katika kila mzinga kuna nyuki wachache, labda mmoja katika kila mia, ambao kazi yao kwa siku kadhaa za maisha yao ni kuwatoa wafu. Nawaita wabeba maiti. Mzinga ni giza tupu, na ndani ya giza hilo mbeba maiti humpata aliyekufa kabla saa haijaisha, humshika mguu au bawa, humburuta hadi mlangoni, huruka naye na kumwangusha mbali. Nyumba yenye wakazi elfu thelathini wanaopumua pamoja haiwezi kulala na maiti. Wanamjuaje mfu gizani ni jambo ambalo wataalamu bado wanabishana, lakini mojawapo ya majibu yanayoheshimika ni harufu: mafuta ya mwili yanapoanza kuvunjika hutoa asidi fulani, na asidi hiyo ndiyo hati ya kifo.

Nilimweleza kaka yote haya, kwa sababu aliuliza, na kwa sababu napenda kueleza.

"Kwa hiyo ukiwa mzima lakini unanuka mfu?"

"Watakutoa. Si kila anayebebwa amekufa. Nimewaona wakimburuta mgonjwa ambaye bado anapiga miguu. Anarudi ndani, wanamtoa tena."

"Naye anasemaje?"

"Nani?"

"Huyo anayebebwa."

"Hasemi kitu."

Kaka alikitazama kiatu chake. "Ana adabu," alisema.

Shemeji alikuwa amesimama kwenye kona ya karakana, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakupasogelea penye mizinga. Yeye hakujaliwa pumzi isiyo na hofu, naye hajidanganyi.

"Ni wiki ya pili sasa," alisema. "Wanakwenda kwenye mguu huo mmoja tu. Wa kulia hawaugusi. Nimemwambia twende hospitali, anacheka."

"Nikamwambie nini daktari?" kaka aliuliza. "Kwamba nimeshtakiwa na nyuki?"

"Mficha maradhi..."

"Hulala vizuri," kaka alimalizia. "Sikiliza, mama. Msomi si huyu hapa? Tumemsomesha kwa kazi gani? Akisema kuna jambo, naondoka leo leo, na kiatu hikihiki. Akisema hakuna, usinitajie hospitali tena mpaka mwaka uishe. Tumekubaliana?"

Shemeji alinitazama mimi, si yeye. "Tumekubaliana," alisema.

Ndivyo nilivyokabidhiwa mguu wa kaka yangu. Sikuhisi uzito wake. Nilihisi nimepewa swali, na swali zuri ni kitu chepesi mkononi.

Jibu nililiona karibu mara moja. Ngozi ya kiatu cha kushoto ilikuwa na madoa meusi yenye kung'aa, kuanzia kidoleni hadi katikati ya unyayo. Kaka hupiga mbao zake msasa, kisha huzisugua kwa mafuta ya mbegu za kitani, naye humimina mafuta hayo akiwa amesimama, kopo likiwa upande wa kushoto. Mafuta ya mimea yana asidi ileile niliyoitaja. Nyuki hawakuwa wakiuvuta mguu wa mtu. Walikuwa wakivuta kiatu kilichonuka maiti kwa sababu ya uzembe wa mwenye kiatu.

"Soksi je?" shemeji aliuliza nilipoeleza. "Miaka ishirini na sita ya ndoa huyu hajafua hata leso. Mwezi huu anafua soksi. Moja. Ya kushoto."

"Ina mafuta," kaka alisema. "Nikikupa wewe utapiga kelele."

"Tangu lini ukaogopa kelele zangu?"

Nilitaka jaribio, kwa sababu dhana bila jaribio ni porojo yenye miwani. Nilimwomba kaka avue kiatu cha kushoto. Alikivua taratibu, akabaki na soksi nyeusi, akaisogeza stuli yake hadi kivulini, mbali na mizinga. Mimi nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, pale palipokuwa pake, nikatia mguu wangu katika kiatu chake. Miguu yetu ina kipimo kimoja. Ndicho kitu pekee tulichorithi sawasawa. Ndani, kiatu kilikuwa na unyevu. Kwenye soli ya ndani palikuwa na doa lenye ukubwa wa kifuniko cha chupa. Niliandika: *mafuta, hadi ndani.*

Dakika ya nne, kitu kilinichoma chini ya kidole gumba. Niliuinua mguu haraka.

"Kaka, kiatu hiki kina msumari."

"Msumari gani?"

Aliuliza kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeambiwa kwamba kuna mgeni amelala chumbani kwake.

"Humu. Umetokeza juu ya soli."

"Mimi sijauona."

"Hauonekani. Unachoma."

"Wewe una ngozi ya chaki," alisema. "Sisi wa randa tumeota kwato."

Nilikipeleka kidole pembeni na kuendelea kukaa. Dakika ya kumi na moja alikuja nyuki wa kwanza, akashika kamba. Dakika ya kumi na sita akaja wa pili. Niliandika nyakati zote mbili na kupiga mstari chini yake. Kanuni ilinitaka nikae tena nikiwa na kiatu kisicho na mafuta, kisha kaka akae na kiatu changu. Lakini kivuli kilikuwa kimeshahama, nyuki walikuwa wameanza kupunguza safari, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa jibu nililolitaka.

"Ni mafuta," nilisema.

Kaka alipiga paja lake kofi moja. Shemeji hakusogea.

"Umekitazama kiatu, shemeji," alisema. "Mguu je? Avue soksi."

"Nivue nguo mbele ya mgeni?" kaka aliuliza.

"Mdogo wako si mgeni."

Wote wawili walinigeukia. Kaka alikuwa anatabasamu, mkono wake umekamata soksi pale kwenye kifundo, lakini si kwa namna ya mtu anayetaka kuivua. Niliuona mkono ule. Nilichokisoma ndani yake kilikuwa aibu ya mtu mzima anayesimangwa uani kwake, nikamwonea huruma.

"Haina haja," nilisema.

Shemeji alikunja futi yake, akaingia ndani. Baadaye kidogo tulisikia cherehani.

Siku ya ishirini na mbili baada ya hapo, nilisimama kwenye ukumbi wa hospitali uliopigwa deki muda mfupi kabla, na muuguzi akanikabidhi mfuko wenye vitu vya mgonjwa. Kaka alikuwa na kisukari, alichoishi nacho kwa miaka bila kujua. Kisukari kilikuwa kimekwisha kuzima hisia za nyayo zake kama mtu azimaye taa chumba kwa chumba, na msumari mdogo wa kiatu ulikuwa umetoboa tundu chini ya kidole gumba cha kushoto, siku baada ya siku, bila yeye kujua. Kidonda alikiona, naam. Alikiosha mwenyewe, akafua soksi mwenyewe, akasubiri kifunge, kwa kuwa hakikuuma, na kisichouma hakina adabu ya kumsumbua daktari. Kilipoanza kunuka kwa pua ya binadamu, mguu ulikuwa mweusi hadi kwenye kifundo. Waliukata chini ya goti.

Mtu anayefuga nyuki kuugua kisukari ni jambo ambalo wageni wa wodini walilifanyia mzaha, na kaka aliwasaidia kucheka.

Nilifungua mfuko nikiwa kwenye gari. Kiatu kilikuwamo. Nilitia kidole ndani, msumari ukanichoma palepale uliponichoma mara ya kwanza. Kisha nikalifungua daftari langu. Chini ya nyakati mbili zilizopigiwa mstari palikuwa na maneno ambayo sikukumbuka kuyaandika, kwa mwandiko wangu nadhifu: *Kiatu kina msumari. Mwenyewe hausikii. Kirekebishwe.*

Nilikuwa nimeandika kila kitu. Nilimwandikia fundi viatu.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, nilikwenda kuwapa nyuki maji, maana hakukuwa na mtu wa kufanya hivyo. Stuli ilikuwa mahali pake, tupu. Mbele ya mzinga wa tatu, shubiri moja kutoka mlangoni, juu ya maranda mahali ambapo kisigino kilikuwa kimezoea kuegemea, nyuki wanane walikuwa wameshika vipande vya mbao na kuvivuta. Kila mmoja alivuta chake upande wake, kimya, na ardhi ilionekana kama inayojikuna. Nilizoa maranda yale kwa koleo, nikayachoma, nikamwaga ndoo tatu za maji. Asubuhi iliyofuata walikuwa wamerudi. Siku ya tano waliacha.

Miezi mitano ilipita. Hospitali ilimtolea kaka mguu wa plastiki, akautazama kama anavyotazama meza za dukani, akaurudisha. Alichonga wa kwake, wa mti mgumu wenye rangi ya chai, ukiwa na kifundo kinachokunjika na vidole vitano alivyovitia kucha kwa patasi, kwa kiburi tu. Mikanda miwili ya ngozi iliufunga juu na chini ya goti. Kisha akausugua mafuta, kutoka kwenye kopo lilelile.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililoninyima utulivu. Nilikwenda adhuhuri ya siku yake ya tatu ya kutembea.

"Nataka kurudia jaribio," nilisema.

"La mafuta?" Kaka alikuwa ameshakaa kwenye stuli, mguu wa mti ukiwa umenyooshwa, vidole vya mti vikielekea mlango wa mzinga. "Si ulishapata jibu?"

"Nilipata. Nataka kujua kama lilikuwa la kweli."

Hakunisaidia kulisema zaidi ya hapo, wala hakunizuia. Alichukua kopo kutoka chini ya stuli na kunipa. Mafuta yaliyokwisha kukauka hubadilika, na mtu mwangalifu angeweza kujificha nyuma ya tofauti hiyo. Kwa hiyo nilichovya kitambaa na kuulowesha mguu wote wa mti, kuanzia kucha hadi kwenye mkanda wa chini, ukang'aa. Kisha nikaifudikiza ndoo yangu, nikakaa, nikaangalia saa.

Nyuki walitoka na kurudi. Walibeba chavua ya manjano kwenye miguu yao. Mmoja alitua kwenye kidole gumba cha mti, akajisafisha vipapasio, akaenda zake. Dakika ya kumi na moja ilipita. Ya kumi na sita ikapita. Mbeba maiti alitokeza na mfu wake, akaruka naye, akamwangusha karibu na ukuta, akarudi akipita juu ya mguu ule wenye kutiririka mafuta bila hata kupunguza mwendo.

"Hawautaki," kaka alisema.

"Hawautaki."

"Kwa hiyo haikuwa mafuta."

"Haikuwa mafuta, kaka. Msumari ulinichoma, na wewe ukaniuliza msumari gani. Niliandika na nikakaa kimya."

Ndani ya nyumba cherehani ilikuwa ikienda kwa mwendo wake wa siku zote, mishono mirefu, kituo, mishono mirefu.

"Mimi nilikuwa na mguu wenyewe," kaka alisema, "na nikakaa kimya vilevile. Usijipe cheo."

Nilikaa saa nzima iliyokamilika. Hapakuja hata mmoja. Nilikuwa nimekwisha kuandika sifuri na kuifunga kalamu wakati nyuki alipotoka mlangoni akitembea.

Hakuruka. Alishuka kwenye kigingi, akavuka maranda, akapanda kwenye vidole vya mti. Hakuvigusa kwa vipapasio. Alitembea juu yake kama mtu anayepita daraja akiwa na miadi ng'ambo: akapanda unyayo, akapita kifundo, akafuata mfupa wa mti uliolowa hadi kwenye mkanda wa chini, akaupita. Pale suruali ilipokunjwa juu ya kigutu, upande wa ndani wa goti, alisimama. Alipapasa. Kisha akauma uzi wa pindo, akageuka, akaanza kurudi nyumanyuma.

Uzi ulikaza. Nyuma yake, mlangoni, wa pili alikuwa ameshaanza kushuka.

Kaka alikuwa anautazama ukuta. Hakuwa ameona kitu.

"Kaka," nilisema, "mkanda unakubana hapo?"

"Hapo wapi?"

"Upande wa ndani. Chini ya goti."

"Haubani," alisema. "Sihisi kitu kabisa. Nimeufunga vizuri."

Wa tatu alitoka.

"Ni mafuta hayo, Profesa?" aliuliza, sasa akiwa ameinamisha macho na kuwaona. Aliuliza kwa sauti ya mzaha, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kushika suruali pale kwenye pindo, namna ileile ulivyoshika soksi, na mara hii niliujua mkono huo.

Daftari lilikuwa juu ya paja langu. Niliposimama lilianguka, nikaliacha chini. Nilipiga magoti kwenye maranda mbele ya mzinga, nyuki wakipita kwenye vidole vyangu bila kunijali, nikautoa mkono wa kaka pale ulipokuwa, kidole kwa kidole, nikaanza kufungua mkanda wa kwanza.

"Shemeji," niliita.

Ndani, cherehani ilinyamaza.

"Vaa viatu. Tunakwenda."